Mkemia kijana, nenda mkutanoni na swali

Kila ikikaribia Wiki ya Utafiti na Ubunifu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa uzamili na uzamivu hunijia na ombi lile lile: "Dokta, naomba uniangalizie slaidi zangu." Nazipitia zote. Nyingi zinaishia kwenye hitimisho, kisha shukrani, kisha picha ya pamoja mbele ya maabara. Sioni mahali ambapo mwenye kazi ameandika jambo lililomshinda. Kila kitu kimekamilika, kimepigwa pasi, na msikilizaji hana pa kumsaidia.

Mimi naamini mkutano wa kisayansi humfaa mkemia anayeanza pale anapoingia ukumbini na swali la kweli, lile ambalo kazi yake imekwama nalo. Cheti cha ushiriki utapata, na posho ikiwepo utapata, lakini vyote hivyo havitaisogeza tasnifu yako hata ukurasa mmoja.

Nieleze ninavyojua. Utafiti wangu wa uzamili ulikuwa wa kuondoa floraidi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Waliokulia Arusha, Manyara na Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa tatizo lenyewe, meno ya kahawia wameyaona nyumbani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa vinavuka kiwango hicho kwa mbali. Mkaa wangu ulinasa floraidi vizuri kwenye maji niliyoyaandaa mwenyewe maabara. Kwenye maji ya kisima, uwezo wake ulishuka sana. Msimamizi wangu akashauri grafu hiyo ikae katikati ya bango langu la mkutano, ile karatasi kubwa ya kuelezea utafiti inayobandikwa ubaoni, na juu yake niandike kwa herufi kubwa: Kwa nini hapa inashuka?

Siku ya mabango watu walipita, wakasoma kichwa cha habari, wakaendelea. Kisha akaja mama mmoja wa makamo, mtaalamu wa maabara ya maji. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka kidole pale mstari unapoanguka. "Mwanangu, haya maji ya kisima yana baikaboneti kiasi gani? Na pH ya mwisho ilikuwa ngapi?" pH ya mwisho, kipimo cha asidi na alkali, ilikuwa kwenye daftari langu la maabara, nililokuwa nalo kwenye mkoba. Tukalifungua juu ya kiti. Ilikuwa imepanda. Akanieleza, kikombe cha chai mkononi, kwamba maji ya kule huwa na soda nyingi, yaani hiyo baikaboneti, na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ikiwa kidogo, floraidi haipati wa kugandamana naye ikatuama chini, basi inabaki ndani ya maji. Soda hiyo hiyo inayafanya maji kuwa ya alkali, na kwenye maji ya alkali ioni za haidroksidi hugombania nafasi na floraidi juu ya mkaa. Sura nzima ya tasnifu yangu ilitokana na mazungumzo yale, yaliyokwisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo ukiandaa bango au slaidi, tenga nafasi ya swali lako na uliandike kwa namna ambayo mtu anaweza kulijibu. "Tafiti zaidi zinahitajika" si swali. "Kilele hiki cha 3.8 kwenye spektra ya NMR sijakitambua, sampuli imesafishwa mara mbili na bado kipo" ni swali (NMR ni kipimo cha kutambua muundo wa molekuli), na mkemia yeyote wa viambata vya mimea akiliona atasimama. Nenda pia na daftari, au angalau picha za kurasa zake kwenye simu, kwa sababu msaada mzuri huanza na mtu kutaka kuona namba ambazo hukuziweka kwenye bango.

Najua kinachowazuia wengi ni aibu. Tumelelewa kwamba mdogo hasemi mbele ya wakubwa, na muda wa maswali ukumbini mara nyingi humezwa na wakubwa wawili watatu wanaotoa hotuba badala ya kuuliza. Heshima haikatazi swali. Simama, salimia, taja jina lako na unachofanyia utafiti kwa sentensi moja, uliza jambo moja, kaa. Ukishindwa ukumbini, mfuate mzungumzaji wakati wa chai: "Shikamoo Profesa, nimesikiliza mada yako ya kinetiki, nina data inayokwenda kinyume na ulichosema, naomba dakika mbili nikuonyeshe." Sijawahi kumwona mwanasayansi wa kweli akiikataa sentensi hiyo. Data inayokwenda kinyume inamsisimua kuliko sifa.

Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari ya Karlsruhe. Septemba 1860 wakemia wa Ulaya walikutana katika mji huo wa Ujerumani kwa siku 3 kwa sababu walikuwa wamekwama: hawakuwa wamekubaliana hata uzito wa atomi za elementi za kawaida, na fomula ya kitu kimoja iliandikwa kwa njia nyingi. Mkutano ulikwisha bila kufikia mwafaka. Lakini siku ya mwisho Angelo Pavesi aligawa kijitabu cha rafiki yake Stanislao Cannizzaro, kilichoeleza namna ya kuzipata namba hizo kwa kufuata dhana ya mwanasayansi Avogadro kuhusu gesi. Lothar Meyer, kijana wa miaka 30, alikichukua akakisoma safarini na tena nyumbani, na mashaka yakamtoka. Dmitri Mendeleev naye alikuwepo, akiwa na miaka 26. Mwaka 1869 alitoa jedwali lake la elementi, na bila uzito sahihi wa atomi lisingewezekana. Swali lilikuwa la wote, na vijana ndio walioondoka na jibu na kulifanyia kazi.

Sasa, mkutano upi? Anza na ya hapa hapa Dar. Semina ya idara yako, Wiki ya Utafiti, makongamano ya Muhimbili, shughuli za Tume ya Sayansi na Teknolojia pale Kijitonyama. Nauli ni ya daladala, na watu utakaokutana nao ndio wenye mashine unayoweza kuifikia wiki ijayo. Mtu wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au wa Shirika la Viwango anayekufahamu kwa jina ana thamani kubwa kwako kuliko picha uliyopiga na mshindi wa Nobel. Kwa wanaofanya kemia ya mimea, kuna NAPRECA, mtandao wa Afrika Mashariki na Kati wa utafiti wa mazao asilia, yaani kemikali zitokanazo na mimea na viumbe wengine, ulioanzishwa mwaka 1984, wenye kongamano linalozunguka nchi wanachama. Ukipata nafasi huko, nenda.

Nje ya Afrika, angalia mikutano iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana. Mikutano ya Gordon ya Marekani hutanguliwa mara nyingi na semina ya siku 2 inayoendeshwa na wanafunzi wa uzamivu na watafiti chipukizi wenyewe, na kanuni yao ni kwamba yanayosemwa mle hayatoki nje, ili watu walete kazi ambayo haijachapishwa. Mikutano ya Lindau, Ujerumani, iliyoanza 1951, huwakutanisha washindi wa Nobel na wanasayansi vijana, na kemia ina zamu yake. Kwa asiye na nauli, mtandao wa kimataifa wa wakemia vijana, IYCN, ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya mwavuli wa IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, hukutanisha watu mtandaoni. Unahitaji bando na sehemu tulivu tu.

Kuhusu fedha, omba mapema na omba kwa waandaaji wenyewe kwanza. Mikutano mingi ina fungu la vijana wa nchi kama yetu, na halitangazwi kwa sauti kubwa. Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, OPCW, lenye makao yake The Hague, lina mpango wa kusaidia mikutano ya kemia yenye malengo ya amani, na Tanzania ni mwanachama. Ukipata ufadhili, anza viza siku hiyo hiyo. Nimeona kijana akikosa kongamano zuri huku tiketi ikiwa imelipwa, kwa sababu tu barua ya mwaliko ilikaa ofisini kwa mtu ikisubiri muhuri.

Jihadhari na matapeli. Barua pepe inayokuita "mzungumzaji mashuhuri" wakati hujachapisha hata makala moja, kwa kongamano linalochanganya kemia, uuguzi na masoko, na inayotaka ulipe kwanza, ifute. Mkutano wa kweli una kamati ya kisayansi yenye watu ambao msimamizi wako anawajua au amesoma kazi zao.

Bango nalo nisiliache. Karatasi ya saizi ya A0 ni milimita 841 kwa 1189. Waulize waandaaji kama ubao ni wa wima au wa ulalo kabla hujaenda kuchapa. Likiwa la karatasi, nunua kipande cha bomba la plastiki la sentimita 90 duka la vifaa vya ujenzi, na vifuniko viwili. Linavumilia basi la mwendokasi la saa moja asubuhi na mvua ya Aprili.

Wengine huniuliza, "Je, nikionyesha kazi isiyokamilika hawataiba wazo?" Kama ni kitu cha kusajiliwa hataza, zungumza na msimamizi na mfike BRELA, wakala wa usajili wa hataza, kabla ya mkutano, maana ukishakionyesha hadharani unaweza kupoteza haki hiyo. Kwa kazi nyingine nyingi, hatari kubwa kwa mtafiti wa hapa ni kufanya kazi peke yake miaka mitatu na kugundua kwenye utetezi wa tasnifu kwamba kulikuwa na mtu Ubungo ambaye angekujibu kwa dakika tano.

Ukirudi, andika barua pepe ndani ya wiki hiyo. Mkumbushe mlipokutana, ambatisha grafu mliyoijadili, taja alichoahidi. Akikubali kukupimia sampuli, uliza chuo chako karatasi zinazotakiwa, hasa kama inavuka mpaka, na usiweke unga usio na lebo kwenye begi la ndege. Halafu mkubaliane mapema jina lake litakaa wapi kwenye makala, kwenye orodha ya waandishi au kwenye shukrani. Hilo liandikwe kabla kifurushi hakijaondoka Dar.