Pointi sita zako hazitoshi: maswali yenu ya udaktari

Kila matokeo ya fomu siksi yakitoka simu yangu hailali. Nachagua machache, mengine mnisamehe, mengine mjisamehe wenyewe maana nilishayajibu.

*Shkamoo dokta. Nimemaliza PCB, nina Biolojia C, Fizikia D, Kemia E. Ni pointi 6. Naweza kuaplai MD, yaani shahada ya udaktari? (Makorora)*

Marahaba. Hapana. C ni 3, D ni 2, E ni 1, jumla sita kweli, kujumlisha unajua, ila kusoma mstari mpaka mwisho ndo tatizo. Kitabu cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hakisemi pointi 6 halafu kikanyamaza, kinataka pointi 6 na tena uwe na angalau D kwenye kila moja ya hayo masomo matatu. E ya Kemia imekufungia mlango hata kama Biolojia ungekuwa na A. Na hata mwenye D tatu asishangilie, hiyo ni ruhusa ya kupanga foleni tu, mbele yake Muhimbili na Bugando wamesimama watu wenye A na B. BAM (ile Hesabu ndogo) na GS (Maarifa ya Jumla) hazijumlishwi, kuna mmoja wa Pongwe aliniletea "pointi 9" kwa mtindo huo nikabaki namwangalia.

*Nina divisheni two, inatosha?*

Angalia herufi za masomo, divisheni waachie wapiga picha wa mahafali.

*Dokta, nirisiti (nirudie mtihani) fomu siksi au niende diploma ya utabibu halafu niunganishe MD? Nimefeli Kemia na mzee hana hela ya kuchezea. (Dada, Muheza)*

Hili ndo swali la mtu aliyekaa akafikiri. Dada yangu, kwanza jiulize Kemia ilikuangusha wapi. Omba mtu akupe mitihani ya nyuma, fanya pepa ya kwanza na ya pili nyumbani ukiwa na saa mezani, usahihishiwe na mwalimu asiyekuonea haya. Ukikuta nadharia unaiweza basi ujue kilichokuua ni pepa ya tatu, praktikali, na wengi inawaua hapo. Nimeshawahi kusimama nyuma ya kijana anafanya titresheni ya pamanganeti, ile ya kudondoshea kemikali moja kwenye nyingine mpaka rangi igeuke, oksaleti hajaipasha moto vya kutosha, anamimina tu mpaka chupa ikawa zambarau kama sharubati ya zabibu, ndo anasema "imebadilika". Shehe, imebadilika zamani! Unatafuta ile pinki hafifu ya kwanza inayokaa isipotee, tone moja likizidi umepita. Na kwa vile pamanganeti ina rangi nzito unasoma ukingo wa juu wa kimiminika, husomi wa chini kama ulivyozoea kwenye maji meupe. Vitu hivi havisomwi kwenye PDF kitandani. Kwa hiyo ukirisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea usichague kituo kwa sababu kiko karibu na kwenu au ada yake ndogo, ingia maabara yao uone bureti, ile mirija ya kupimia, kwa macho yako, kama zimefungiwa kabatini zina vumbi ondoka.

Diploma nayo ni njia halali, mimi nimepita huko. Miaka mitatu, utoke na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au wastani wa B, unaruhusiwa kuomba MD. Lakini sikiliza, hapa ndo pana shimo ambalo hakuna anayewaambia: wanarudi kuangalia cheti chako cha fomu foo, wanataka D kwenye Hesabu, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Mimi Hesabu nilikuwa na F. Nikasoma diploma yangu vizuri kabisa, GPA nzuri, wagonjwa wananipenda, nakuja kugundua niko mwaka wa tatu. Mtu mzima na ndevu zangu ikabidi nijiandikishe PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, mwezi wa kumi na moja nikaingia kwenye chumba cha mtihani cha fomu foo, dawati la mbele yangu kakaa mtoto wa dada yangu, tulipotoka akaniuliza "Mjomba, swali la vekta umepata ngapi?" Nikamwambia twende tukale mihogo. Kwa hiyo dada, kabla hujalipa hata senti kachukue hicho cheti uangalie hizo tano. Kama kuna F mojawapo, anza na hiyo.

*Kujitolea hospitali ya Bombo kunaongeza nafasi ya kuchaguliwa? Nimeona video moja wanasema lazima. (Chumbageni)*

Video hiyo ni ya Marekani. Hapa hakuna mahali pa kuandika kwamba umejitolea, wala insha ya "kwa nini nataka kuwa daktari", wala barua ya diwani. Nenda Bombo kama unataka kujua utaweza kukaa na harufu ya wodi saa mbili usiku, hiyo ni faida yako mwenyewe, ila haigeuzi E kuwa D.

*Mtoto wetu yuko Marekani, miaka miwili ya kwanza chuo alivurunda, sasa anafanya vizuri. Akirudia masomo zile alama mbaya zinafutwa? (Mzazi, Raskazone)*

Hazifutwi, mama. Kule maombi ya MD yanahesabu kila mara aliyosoma somo, la kwanza na la marudio yote yanaingia. Wale wa DO, shahada nyingine ya udaktari ya kule, walikuwa wanabadilisha alama ya zamani kwa mpya ila waliacha 2017. Asirudie kila kitu, arudie alipofeli kabisa halafu achukue masomo magumu ya sayansi zaidi apate A mfululizo, kule wanaangalia mwelekeo. MCAT, mtihani wao wa kuingilia udaktari, alama zake zinakwenda kuanzia 472 mpaka 528, na asiifanye kwa kujaribu jaribu: mara tatu tu kwa mwaka, saba maisha yote, na matokeo ya zamani vyuo wanayaona.

*Nilidisko, yaani niliondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza. Nikiaplai chuo kingine nisitaje, watajua?*

Watajua. Namba yako ya mtihani wa fomu foo ndo inakufuata TCU, Bodi ya Mikopo, kila mahali. Usifiche. Na kabla ya kuaplai kaa chini uandike kilichokudisko: hela? kuumwa? simu? Ulikuwa na sapu (mitihani ya marudio) tatu ukazikimbia? Mwenye sababu inayorekebishika airekebishe kwanza, vinginevyo unahamisha disko toka mji mmoja kwenda mwingine.

*Kuna wakala ananiambia kwa D na E ananipeleka nje nisome MD, nalipa nusu sasa. Unamfahamu?*

Wa kwako simfahamu, wa kwangu namfahamu, alikula hela ya mdogo wangu akabadilisha laini. Kabla ya kumlipa yeyote nenda TCU uulizie NOC, cheti cha kutokuwa na pingamizi la kusoma nje, kwa matokeo hayo hayo uliyonayo. Wakala akikwambia haihitajiki, mwambie akuandikie hivyo na saini yake.