Gari linazima mchana tu? Lipapase kontroli boksi, kompyuta ya injini

Asubuhi gari langu lilikuwa halina neno. Ifike saa saba mchana, foleni ya Ubungo haisogei, linazima. Mshale wa joto uko katikati, rejeta ina maji, feni inazunguka. Nikilisukuma pembeni na kufungua boneti, baada ya dakika 40 hivi linawaka kama si lenyewe.

Nikabadilisha pampu ya mafuta. Halafu sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini, ambayo nayo ina ugonjwa huu huu wa kufa ikipata joto, kwa hiyo fundi yule simlaumu. Gari likaendelea kuzima.

Fundi umeme wa tatu aliazima draya saluni ya jirani. Akaliacha gari likiunguruma silensa bila kukanyaga mafuta, akawa analipuliza kontroli boksi taratibu. Hazikupita dakika nyingi, injini kimya. Likapoa, likawaka. Akarudia, likazima tena.

Kumbe gari liliponyooshwa bodi, aliyerudisha boksi alilifunga kwa mpira wa tyubu. Bolti zake nne hazikuwepo! Bati la alumini la boksi si pambo: ndilo linalopokea joto la vipuri vya ndani na kulipeleka kwenye kishikio na hewani. Boksi lilikuwa linaning'inia, na kibomba cha kulipelekea hewa kimejaa majani ya mwarobaini. Bodi ya saketi ndani ya boksi ikawa inatanuka na kusinyaa kila siku hadi lehemu ikapata nyufa. Akalehemu upya, tukarudisha bolti zote, kibomba tukakisafisha. Draya ilirudi saluni na soda mbili.

Ukiambiwa boksi limekufa, kwanza pima koili za plagi na noozeli za mafuta. Koili yenye shoti huvuta umeme mwingi kupitia transista za boksi, na boksi jipya utaliunguza vile vile. Altaneta nayo ipime: injini ikiwaka, betri isome karibu volti 14. Ukiona zaidi ya 15, anzia hapo.

Kwenye Toyota nyingi boksi liko ndani, nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Wapenda muziki, hapo si mahali pa kuficha amplifaya, nayo hutoa joto. Na kama lako liko chini ya boneti, ukipeleka gari kuosha injini, ule mfuko wa nailoni waliofunika boksi uutoe mwenyewe kabla hujalipa. Mimi niliwahi kutembea na wangu wiki nzima.