Nani Kasaini? Maswali Yenu Kuhusu Simu, Mtandao na Siasa

Mwezi huu meseji zenu zimekuwa nyingi mno na karibu zote zinatoka huku huku kwetu, kuanzia Mafinga mpaka Tunduma, sijui ni baridi imewafungia ndani na simu au vipi. Zile za matusi nimezifuta, mtanisamehe. Nyingine nimezipunguza kidogo ziingie ukurasani.

*Anko shikamoo. Kijiweni kwetu hapa Mwanjelwa tukianza tu habari ya simu au mtandao hazipiti dakika tano tumeshaingia kwenye siasa, mara we chama gani, mara umetumwa, mpaka muuza kahawa anatutishia kufunga. Juzi tulifufua ile tozo ya miamala ya 2021, mmoja anasema kampuni za simu ndo zilitupiga, mwingine anasema serikali. Tubishanaje mambo ya teknolojia bila kuleta siasa?* (Mbishi, Mwanjelwa)

Marahaba kijana. Siasa hamuwezi kuitoa na wala msihangaike kuitoa, maana hiyo simu uliyoshika inatumia masafa ya mawimbi ya hewani ambayo ni mali ya umma, kampuni inapewa leseni na TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, bando lina kodi ndani yake, na ukiposti upuuzi kuna sheria inakusubiri. Sasa siasa utaitoa wapi hapo? Tatizo lenu ni kwamba mnaanza kugombana kabla hamjauliza swali moja la kizamani sana: nani kasaini?

Chukueni hiyo hiyo tozo. Sheria ya Fedha ya 2021 ilipitishwa na Bunge mwezi wa sita na ndiyo ilifungua njia, lakini viwango vyenyewe vilikuja kwenye kanuni za waziri wa fedha, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kutegemea unatuma au unatoa kiasi gani, na makato yakaanza 15 Julai 2021. Watu wakapiga kelele, Rais akaagiza iangaliwe upya, mwezi wa tisa ikapunguzwa asilimia 30 na wala Bunge halikuitwa kupiga kura tena. Mnaona sasa? Kama ilishuka bila Bunge basi peni ya viwango alikuwa nayo waziri. Kampuni za simu zilikuwa zinakusanya tu na kupeleka, ada yao ni kitu kingine kabisa.

Na kama kuna mtu hapo kijiweni hafutagi meseji (wapo, nawajua), mwambieni atafute muamala wa mwishoni mwa Julai mwaka ule aufungue asome polepole: ada kivyake, tozo ya serikali kivyake, kila moja na kiasi chake. Ugomvi wote ule umelala kwenye mstari mmoja wa meseji. Yule anayesema kampuni zilitupiga kwenye tozo amekosa, ila kama ana neno kuhusu ada zao hiyo ni kesi nyingine, mkaianze kesho na kahawa mpya.

Mchezo huu huu ulichezwa 2018 zilipotoka kanuni za maudhui mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kutoa kama shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza, ombi na leseni na ada ya mwaka. Watu wakawashukia wabunge wao, wakati kanuni ni saini ya waziri. Mbunge unamlaumu kwa kukaa kimya, sawa, hiyo ni haki yako, ila sio kwa kupitisha.

*Anko mi ni fundi simu hapa Uyole. Mtandao ukizingua watu wananiletea simu wakidhani zimekufa, nikisema ni mtandao wanaanza, mmoja anasema serikali imezima, mwingine anasema waya umekatika baharini. Ntajuaje ukweli?* (Fundi, Uyole)

Hili nalipenda. Kwanza elewa intaneti inafikaje Uyole. Sehemu kubwa inakuja kwa nyaya zilizolala chini ya bahari, kama Seacom na EASSy, zinapanda nchi kavu Dar es Salaam, halafu inasafiri kwa Mkongo wa Taifa, yaani nyaya za serikali za nchi kavu, mpaka huku kwetu na kuvuka mipaka ya Tunduma na Kasumulu kwenda kwa majirani. Kwa hiyo waya ukikatika baharini hatuumii peke yetu. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili ziliharibika upande wa Afrika Kusini na siku ile ile Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji nao walikuwa wanalia. Dalili ya waya ni hiyo, jirani naye anaumwa. Pia mtandao unakuwa mzito, unakuja na kukata, kampuni moja ina nafuu kuliko nyingine kwa sababu kila moja imenunua njia zake za akiba, na hauchagui apu, zote zinasota.

Kufungiwa kuna sura nyingine. Apu moja inagoma na zingine zinakimbia kama kawaida. Mei 2025 X, ile Twitter ya zamani, iliacha kufunguka hapa nchini, WhatsApp inapiga kazi, YouTube inapiga kazi, X kimya, ila mwenye VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya nchi nyingine, anaingia. Hapo huhitaji mtaalamu wa nyaya, waya haujui kuchagua X ikaacha Instagram. Na saini ilijitokeza yenyewe, Jerry Silaa, waziri wa mawasiliano wa wakati huo, alisema hadharani kwamba X inaruhusu picha za ngono kinyume na sheria zetu. Unaweza ukaikubali sababu hiyo au ukaikataa, mi najua wengi wenu mnaikataa, lakini angalau mnabishana na mtu mwenye jina. Uchaguzi wa Oktoba 2020 nao ulikuwa wa staili hii, mitandao ya kijamii ndo ilikuwa shida kufunguka.

Halafu kuna kuzimwa kabisa. 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, data iliondoka nchi nzima kwa makampuni yote na ikaanza kurudi 3 Novemba. Hapo hata VPN haikufua dafu, maana VPN inahitaji intaneti ili ipite, na intaneti yenyewe haipo. Dalili yake ni kwamba tatizo linaishia mpakani. Watu wa Tunduma mna kipimo cha bure ambacho Dar hawana, upande wa pili wa barabara ni Nakonde, ukiona mwenye laini ya Zambia anachati na wewe mwenye laini ya hapa huna kitu, hiyo sio samaki amekata waya.

Neno moja kuhusu VPN kwa sababu najua mtauliza. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa na wasajili, na kanuni zinataja faini na kifungo. Mi sikupangii cha kuweka kwenye simu yako, nakwambia tu kilichoandikwa ili usije ukasema hukuambiwa.

*Habari anko. Nasoma chuo hapa Mbeya, kwetu ni Kyela. Ng'ambo ya mto Songwe Wamalawi wana Starlink, ile intaneti ya setilaiti ya Elon Musk, huku sisi tunakula bando la kuungaunga. Darasani tumegawanyika, wengine wanasema serikali inaogopa kwa sababu setilaiti haizimiki, wengine wanasema Elon Musk ni beberu. Na kuna jamaa anasema ataingiza dishi kutoka Karonga. Ukweli ni upi?* (Mwanafunzi, Iyunga)

Safi. Malawi ilianza Julai 2023, Zambia Oktoba 2023, Kenya nao Julai 2023, kwa hiyo uchungu wako nauelewa, unaweza kusimama Kasumulu ukaona dishi la jirani kwa macho. Ila setilaiti kupita juu ya kichwa chako haikupi haki ya kuitumia. Kila nchi ina mlinzi wa masafa, Malawi ni MACRA, Zambia ni ZICTA, kwetu TCRA, na kampuni yenyewe ndiyo inafunga na kufungua huduma nchi kwa nchi kufuatana na leseni. Kwa hiyo wanaosema setilaiti haizimiki wapunguze kidogo. Starlink wenyewe wanajua dishi liko wapi, wanaweza kulikata wakiwa wamekaa kwao Marekani, na Aprili 2024 waliwaandikia watu waliokuwa wanatumia madishi nje ya nchi walikosajili kwamba watakatiwa. Huyo jamaa wa Karonga mwambie, atavuka nalo mpaka, atalifunga juu ya bati, litashika vizuri tu, halafu ndani ya miezi michache linakuwa sinia la bei mbaya, na hapo sijagusa habari ya kukamatwa na kifaa kisicho na kibali.

Sasa kwenye ubeberu. Hoja ipo ila mnaishika kwa mkia. Sheria yetu ya mawasiliano ya 2010 iligusa jambo hili la umiliki, ndo maana kampuni za simu zilitakiwa kuuza asilimia 25 ya hisa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na Vodacom Tanzania ikaorodheshwa pale 2017. Afrika Kusini mvutano wao na Musk ni wa aina hiyo hiyo, wao wanataka asilimia 30 ya umiliki iende kwa makundi yaliyonyimwa nafasi zamani, yeye hataki. Kwa hiyo swali la darasani kwenu lisiwe Musk ni mzuri au mbaya, atawahusu nini na hajui hata Kyela iko wapi. Ulizeni kampuni isiyo na mnara hata mmoja hapa nchini, wala mwanahisa Mtanzania, ilipe nini na kwa nani, na je inafaa mtu wa kijijini Ileje aendelee kukosa mtandao wakati hayo yanajadiliwa. Mi nasimama na wa Ileje, leseni itoke na masharti yawe wazi, lakini najua kuna watu makini wanaoona tofauti na sio kwamba wametumwa.

*Ugonile mdogo wangu. Kwenye grupu la ukoo mtoto wa dada yangu alituma video ya kiongozi mkubwa anasema kila mwenye simu janja atapewa hela, ajaze namba ya NIDA kwenye linki. Sauti ni yake kabisa. Mi nikafowadi kwa kikundi cha kina mama. Nitashtakiwa?* (Mama wa Tukuyu)

Ndaga sana dada. Vuta pumzi kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamlenga anayesambaza habari za uongo akijua ni za uongo na akiwa na nia ya kudanganya, kuchafua au kutisha watu, na adhabu yake sio ndogo, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu. Wewe ulidanganywa. Ila leo umeshajua, kwa hiyo rudi kule kwa kina mama uifute na uandike wazi kwamba ni feki, usinyamaze kwa aibu.

Sauti siku hizi haina ushahidi wowote, programu zinaiga sauti ya mtu kwa kipande kifupi tu cha hotuba. Rudia kuiangalia video ukiwa umezima sauti, tazama mdomo na meno, mara nyingi meno yanayeyuka au mdomo unaendelea kutembea wakati neno limeisha. Halafu linki. Serikali ya hapa inatumia anwani zinazoishia na .go.tz, yako naamini iliishia na kitu kingine kabisa. Kama kuna aliyejaza NIDA, apige *106# aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, akikuta ya ajabu aende ofisi ya mtandao husika aiondoe. Na namba iliyotuma ule utapeli itume 15040.

*Kamwene anko. Wamejenga mnara jirani na shamba, wazee wanasema 5G inakausha parachichi. Kweli?* (Mkulima, Njombe)

Hapana. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuua mti, na yanapungua haraka kadiri unavyosogea mbali. Parachichi likikauka kuanzia juu, majani yakiwa madogo na ya njano, chimba uangalie mizizi, ikiwa myeusi na inakatika kirahisi huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi na unapenda udongo unaotuamisha maji. Muone bwana shamba. Mnara una makosa yake lakini, jenereta linalonguruma usiku kucha na dizeli inayomwagika, hapo mna haki kabisa ya kwenda NEMC, lile baraza la mazingira.

*Anko, mgombea simjui wala hanijui, ananitumia meseji za kampeni na ananiita kwa jina. Namba yangu kaitoa wapi?* (Dada wa Kihesa, Iringa)

Fikiria madaftari yote ya getini na kwenye semina uliyoandika jina, namba ya simu na saini, yale yanayoachwa mezani wazi na kila anayefuata anasoma ya aliyemtangulia. Mtu anapiga picha ukurasa mzima kwa simu, kazi imeisha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilipitishwa 2022 na ikaanza kazi 1 Mei 2023, inasema taarifa iliyochukuliwa kwa jambo moja isitumike kwa jambo lingine bila ridhaa yako. Andika barua kwa ofisi ya huyo mgombea, waulize namba waliipata wapi na waifute. Wasipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatanisha picha ya hizo meseji, tarehe na saa zionekane. Barua toa nakala mbili, na ile ya kwako usiondoke mpaka waigonge muhuri wa kupokea.