Tollo si "ondoa" peke yake: maneno kwa wanaoanza kuwasoma waandishi wa kale wa Kilatini

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa pili wa Kilatini, nimesahihisha madaftari yenu wiki hii, na katika mengi nimekuta kosa lile lile nililolifanya nilipokuwa na umri wenu seminarini. Kila penye tollo mmeandika "ondoa". Najua lilikotoka: tangu utotoni tumeimba qui tollis peccata mundi, na kwa Kiswahili tunasali "uondoaye dhambi za dunia". Tafsiri hiyo ni sahihi mahali pake. Lakini mikononi mwa Caesar, Cicero na Virgil kitenzi hiki huanzia kwenye kuinua kitu kutoka chini. Maana ya kuondoa, na hata ya kuua, huzaliwa humo, kwa kuwa kilichoinuliwa hakipo tena pale kilipokuwa.

1. Karirini sehemu zote nne: tollo, tollere, sustuli, sublatum. Asiyezijua atahangaika na sustuli kwenye kamusi mpaka kengele ilie.

2. Tazameni kwanza ni kitu gani kinachoinuliwa, ndipo mchague neno. Clamorem tollere ni kupaza sauti. Sublatis ancoris, katika kitabu cha 4 cha Vita vya Gallia, alivyoviandika Caesar mwenyewe, ni kung'oa nanga, na mtoto wa Pwani hahitaji maelezo zaidi. Mtoto mchanga ana habari yake: katika mchezo wa Andria wa Terence, mtumwa Davus anasema kwamba bwana wake kijana na mpenzi wake wamekata shauri tollere chochote atakachozaa, yaani watampokea na kumlea, kwa kuwa huko kale mtoto asiyepokelewa aliweza kutupwa. Daftari moja limeandika kwamba wamekata shauri kumwondoa mtoto. Nililifunga nikatoka nje kidogo, kwa sababu mwenye daftari ni msomaji mzuri, na neno moja limemfanya awageuze wazazi kuwa wauaji.

3. Sentensi inayofuata ikiikataa tafsiri yenu, ifuteni tafsiri, msiipinde sentensi. Hili nalisema kwa uchungu. Katika mtihani wangu wa mwisho tulipewa sura ya 38 ya kitabu cha 5 cha Vita vya Gallia, inayoanza Hac victoria sublatus Ambiorix. Ni majira ya baridi ya mwaka 54 KK. Ambiorix, mfalme wa Waeburoni, kabila la Gallia, ametoka kuliangamiza jeshi la Kirumi la Sabinus na Cotta, legioni moja na kohorti tano, yaani legioni moja na nusu. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo usiku uliotangulia. Hata hivyo nilipoliona sublatus, ule wimbo wa kanisani ulinijia kabla ya Caesar, nikaandika: "Ambiorix, akiwa ameondolewa na ushindi huu." Mshindi nikamfanya marehemu. Mara nikakutana na proficiscitur: mtu huyo huyo anaondoka papo hapo na wapanda farasi kwenda kwa jirani zake Waatuatuki, hapumziki usiku wala mchana, kesho yake yuko kwa Wanervi akiwaeleza kwamba makamanda wawili wa Kirumi wameuawa. Hapo ndipo ilinipasa kusimama. Badala yake nilimbuni ndugu wa Ambiorix, asiyetajwa popote, nikampandisha farasi na kumpa vitenzi vyote vilivyobaki, nikakabidhi karatasi nikiwa na amani moyoni. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinisomea tafsiri yangu polepole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu ndugu umemtoa wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali hilo hunirudia kila ninapokutana na umbo hili. Sublatus hapo ni mtu aliyeinuliwa moyo, aliyejaa majivuno ya ushindi. Tena Ambiorix hakuondolewa na yeyote: mwaka uliofuata Caesar alimwinda msituni bila kumtia mkononi.

4. Mkikutana na maana mbili kwa pamoja, msikimbilie kuchagua moja. Mwezi Mei 43 KK, jemadari Decimus Brutus alimwandikia Cicero kwamba Octavian, kijana aliyerithi jina na mali ya Caesar, amesikia maneno ambayo inasemekana Cicero aliyatamka juu yake: laudandum adulescentem, ornandum, tollendum. Kijana asifiwe, apambwe, na lile la tatu ni ama akwezwe ama aondolewe. Utamu na hatari ya neno viko hapo hapo. Mwezi Desemba mwaka huo huo Cicero aliuawa, jina lake likiwa katika orodha ya waliohukumiwa kufa ambayo Octavian aliridhia.

5. Zoezi la juma lijalo ni beti mbili alizozihifadhi Suetonius, zilizosambaa Roma wakati wa mfalme Nero:

Quis negat Aeneae magna de stirpe Neronem?
Sustulit hic matrem, sustulit ille patrem.

Ubeti wa kwanza unauliza: nani akanushaye kwamba Nero ni wa ukoo mkuu wa Aeneas? Nero alimwua mama yake. Aeneas, katika kitabu cha 2 cha Virgil, alimbeba baba yake mabegani wakatoka Troia iliyokuwa ikiungua. Nimezihangaikia beti hizi kwa miaka, na hapa, baada ya kuwakemea kote huko, nawarudishia neno lenu: "Huyu alimwondoa mamaye, yule alimwondoa babaye." Kiswahili kinaubeba mchezo huo wa maneno, kwa kuwa Aeneas naye alimwondoa mzee motoni. Kinachopotea ni mabega, na hayo bado sijayapatia neno.