Notisi kwanza, kazi mpya baadaye

Ndugu uliyeuliza kama uage unaumwa dukani ili Jumatatu uanze kwa wakala wa forodha bandarini Tanga: usithubutu. Kutoka Ngamiani hadi Chumbageni watu wanajuana, bosi atasikia kabla wiki haijaisha.

Shika kwanza mkataba uliosainiwa, unaotaja mshahara na tarehe ya kuanza. "Njoo tu, tutaandikishana" hiyo bado si kazi. Halafu hao wapya waambie wazi una notisi ya kutumikia, yaani siku za kufanya kazi baada ya kumwarifu bosi kuwa unaacha. Mwajiri anayekushinikiza umtoroke mwenzake, mimi ningemtilia shaka.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Wa kutwa au wiki, siku 4. Aliye ndani ya mwezi wa kwanza, siku 7. Angalia na mkataba wako, huenda umetaja zaidi. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haihesabiwi pamoja nayo, kwa hiyo ule ujanja wa kujificha kwenye likizo haufui dafu. Ukigoma kufanya kazi siku hizo, malipo yake yanaweza kukatwa kwenye stahiki zako.

Barua ya kuacha kazi toa nakala mbili, yako isainiwe "imepokelewa" na tarehe. Dai malipo ya likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi. Kwa mwajiri mpya, mshahara wa sasa usiuongeze chumvi, wakitaka hati ya malipo utaumbuka. Bosi akikuachia mapema, aandike.