Boli au straiki? Uhukumu mpira ungali juu ya pleti

Kwa mwamuzi anayetoka kwenye besiboli, softboli ya mrusho wa polepole husumbua jicho mwanzoni. Kazi yake ni kusema kama mrusho ambao mpigaji hakuuzungushia gongo ulipita eneo linalotakiwa juu ya pleti, yaani kibao kilicho chini anaposimama mpigaji: uliopita ni straiki, ambao haukupita ni boli. Kwenye softboli hii mpira unapaa, unafika kileleni, halafu unashuka kwa mshazari. Mahali unapotua na mahali ulipopita ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakozaa maamuzi mengi mabovu.

Kwanza tao, yaani mpindo wa njia ya mpira hewani. Kanuni za USA Softball, chama cha softboli cha Marekani, zinataka mrusho ufikie angalau futi 6 (mita 1.83) bila kuzidi futi 10 (mita 3.05), kimo kikipimwa kutoka ardhini, si kutoka mkononi mwa mrushaji. Ringi ya mpira wa kikapu iko futi 10 kamili. Simama mita 10 kutoka kwake, mwenzako arushe mipira usawa huo, mpaka jicho lizoee. Mechini nako kilele huwa karibu umbali huo kutoka ulipo. USSSA, chama kingine cha Marekani, wao wanaruhusu tao la chini hadi futi 3, kwa hiyo hakikisha kabla ya mechi mnafuata kanuni za nani.

Eneo la straiki ni nafasi iliyo juu ya sehemu yoyote ya pleti, kati ya bega la nyuma la mpigaji na goti lake la mbele, akiwa katika mkao wake wa kawaida. Akichuchumaa ili kulifinya, usimfuate. Akirudi nyuma kabisa ya boksi, yaani kisanduku kilichochorwa anamosimama, eneo halirudi naye. Mpira utampita kwenye vifundo vya miguu na atakukodolea macho ukisema straiki, lakini kama sehemu yake yoyote ilipita juu ya pleti kwenye usawa wa goti, ni straiki.

Fanya hesabu kidogo. Pleti ina urefu wa inchi 17, yaani sentimita 43, kutoka ukingo wa mbele hadi nchani. Mrushaji akiwa futi 50, mrusho wenye kilele cha futi 10 hushuka kama sentimita 28 ukiwa juu ya pleti. Ule wa futi 6 hushuka nusu yake tu. Ndiyo maana mpira wa tao la juu unaweza kugusa goti kwenye ukingo wa mbele ukatua sentimita 25 hivi nyuma ya ncha ya pleti, na ni straiki safi. Mwingine unaingia mbele ukiwa juu ya bega, unazama chini ya bega kabla ya kufika nchani, unatua karibu mita mbili nyuma: nao ni straiki. Ukihukumu kwa vumbi la kutua au kwa glavu ya mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya pleti, yote miwili utaikosa.

Uliogusa pleti yenyewe bila kupigwa ni boli. Lakini ligi nyingi za wazee huko Marekani hutandika mkeka nyuma ya pleti, na huko mrusho halali ukigusa mkeka ni straiki. Kazi ya mwamuzi inakuwa rahisi kweli.

Simama nyuma ya mdakaji, kwenye upenyo kati yake na mpigaji, macho yakiwa usawa wa juu ya eneo. Mdakaji wa mchezo huu hukaa nyuma sana, usimsogelee mno. Kichwa kitulie, macho ndiyo yaufuate mpira kutoka mkononi hadi upite pleti. Kichwa kikipanda na kushuka na mpira, usawa wa goti nao unahama. Mpira ukishapita, subiri kidogo, ndipo utamke. Straiki ina sauti na mkono wa kulia. Boli ni sauti tu.

Tao likikiuka kanuni, tangaza mpira ungali hewani na unyooshe mkono wa kushoto, ngumi imefumbwa. Mpigaji asipozungusha gongo, ni boli. Akizungusha, hata akikosa, ukiukaji unafutika na mchezo unaendelea. Kutangaza umechelewa kunamnyima mpigaji nafasi ya kuamua, na malalamiko yake yatakuwa ya haki.

Kaunta, kifaa cha kuhesabia boli na straiki, ishike mkono wa kushoto. Ligi nyingi huanza na boli moja na straiki moja, kwa hiyo irudishe hapo kila mpigaji mpya anapoingia. Unapotaja hesabu, boli hutangulia. Na kwa kanuni za USA Softball, mwenye straiki mbili akipiga fauli, yaani mpira ukaenda nje ya mistari ya uwanja, ametoka.