Maswali na Majibu: Kombe la Grey Lina Wenyewe

Huyo Grey alikuwa mchezaji?

Hapana. Earl Grey alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Alikusudia kutoa kombe la hoki ya barafuni, lakini Sir Montagu Allan akamtangulia, ndipo mwaka 1909 akalitoa kwa futiboli ya Kanada, mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono unaofanana na ule wa Marekani, si soka. Fainali ya kwanza ilichezwa Toronto tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Toronto kikaishinda klabu ya Parkdale 26–6. Kombe lenyewe lilikuwa halijawa tayari. Mabingwa walilipata Machi 1910. Liligharimu dola 48, na vilabu vinaligombea hadi leo.

Kwa nini Wakanada waliiga Super Bowl?

Swali hili hunifikia kila Novemba. Super Bowl, yaani fainali ya futiboli ya Marekani, ilichezwa mara ya kwanza Januari 1967. Hesabu mwenyewe nani katangulia. Tena huu ni mchezo mwingine: wachezaji 12 kila upande badala ya 11, uwanja wa yadi 110, na nafasi tatu za kusogeza mpira yadi 10, wakati Wamarekani wana nne. Kwa nafasi tatu huwezi kujikokota, ndiyo maana mpira hurushwa sana. Tazameni mechi moja hadi mwisho kabla ya kuniandikia tena.

Timu ipi imelitwaa mara nyingi zaidi?

Toronto Argonauts, mara 19, ya mwisho mwaka 2024.

Timu ya Marekani imewahi kulibeba?

Moja tu, Baltimore Stallions, mwaka 1995, ilipoifunga Calgary 37–20 mjini Regina. Ligi ya futiboli ya Kanada ilikuwa imevuka mpaka kutafuta fedha. Msimu ule ulipokwisha, timu zote za Marekani zikatoka, na wenye Baltimore wakahamia Montreal. Viongozi wa sasa wangeikumbuka hasara ile.

Ni kweli farasi aliingizwa hotelini?

Kweli kabisa. Mwaka 1948 mashabiki wa Calgary walipanda treni hadi Toronto na farasi wao, wakakaanga chapati za maji barabarani na kuwagawia wapita njia, na farasi mmoja akaingizwa ukumbini mwa hoteli ya Royal York. Timu yao iliishinda Ottawa 12–7. Kabla ya hapo fainali ilikuwa mechi tu. Tangu hapo ni sherehe ya wiki nzima, na watu wa magharibi na mashariki ya Kanada hukutana hata kama timu zao zimeshatolewa. Nenda kwa ajili ya watu hao, si kwa mechi peke yake.

Liliwahi kuibwa?

Ndiyo, Ottawa, Desemba 1969. Wezi walidai fedha, ligi ikakataa. Miezi miwili baadaye likapatikana Toronto, ndani ya kabati la kuhifadhia mizigo katika hoteli ileile ya Royal York. Mwaka 1947 lilinusurika moto kwa kunasa kwenye msumari, vikombe vingine vikiyeyuka. Wanaoliumiza zaidi ni mabingwa wenyewe: mwaka 1987 mchezaji wa Edmonton alilikalia, na 2006 BC Lions walilivunja kutoka kwenye kitako chake.

Uwanja utafupishwa kweli?

Ligi ilitangaza hivyo Septemba 2025: kuanzia 2027 uwanja uwe yadi 100, na milingoti ya goli irudishwe nyuma. Mimi napinga. Wachezaji 12 na nafasi tatu wameahidi kutozigusa, lakini urefu wa uwanja ndio uliozipa nafasi hizo maana. Mwenye tiketi ya msimu aiandikie klabu yake sasa, kabla mistari mipya haijachorwa.